Shannon na Chesapeake: mazoezi ya Broke au kosa la Lawrence?

Tarehe 1 Juni 1813, nje ya Boston, manowari ya Uingereza Shannon iliiteka Chesapeake ya Marekani kwa robo saa hivi. Zote zilikuwa frigeti (manowari za matanga za ukubwa wa kati) zenye mizinga mikuu ya kupiga matufe ya pauni 18, hivyo ukubwa haumalizi ubishi. Kuna wanaompa ushindi Philip Broke, nahodha wa Shannon, na kuna wanaosema James Lawrence, nahodha wa Chesapeake, alijimaliza mwenyewe.

Hoja ya kosa ina uzito. Shannon ilikuwa inamsubiri, karibu imesimama. Lawrence akaja kwa nyuma, upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Angeweza kukatiza tezini kwa Shannon, yaani nyuma yake. Tezi ya manowari ni madirisha na mbao nyembamba: tufe likiingia hapo hupita sitaha nzima hadi omo, yaani mbele, likifyeka watu, na anayepigwa hana mizinga ya maana ya kujibu. Aliiacha nafasi hiyo akajipanga ubavu kwa ubavu, chini ya meta 50, tena kwa kasi iliyomzidi mwenzake.

Lakini ukaribu huo ungekuwa wa hatari kiasi gani mbele ya wapiga mizinga wa kawaida? Broke alikuwa na Shannon tangu 1806. Kwa fedha zake aliifunga mizinga vilengeo, akachora alama kwenye kabari za kuinulia mdomo wake, na nyuma ya kila mzinga akachonga sitahani mistari ya nyuzi za pembe (digrii), ili hata penye moshi mzito yote ilengwe pamoja. Mabaharia walizoezwa kila wiki, wakipiga shabaha pipa lililoelea.

Mzinga mmoja wa Shannon wa pauni 9 ulipewa kazi ya kuvunja usukani wa adui tu. Washika usukani wa Chesapeake waliuawa, gurudumu likavunjika, kamba za matanga ya mbele zikakatika. Chombo kikifikia hapo hujigeuza chenyewe kuukabili upepo. Chesapeake ikarudi kinyumenyume, tezi wazi mbele ya mizinga ya Shannon, mpaka vyombo vikagongana na Broke akairukia na watu wake.

Kwa hiyo naupa uzito zaidi upande wa mazoezi. Dai kwamba Wamarekani hawakujua kazi nalikataa kabisa: walijibu kwa nguvu, na Shannon ilipoteza zaidi ya watu 20. Kilichowakosesha ni maofisa. Lawrence alishapigwa jeraha la kufa, luteni wake wa kwanza Augustus Ludlow vilevile, na mpiga baragumu akashindwa kuipuliza kuwaita watu juu wazuie uvamizi.