Kilichotuunganisha Hakikuwa na Mwenyewe

Utandawazi ukitajwa, wengi hukimbilia simu na intaneti, kana kwamba kabla ya hapo kila jamii iliishi peke yake. Mimi huanza na tarakimu. Hizi 0 hadi 9 anazojifunza mtoto wa shule popote duniani asili yake ni India, ambako mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kukokotoa kwa sufuri. Karne ya 9, mwanahisabati al-Khwarizmi akazieleza tarakimu hizo kwa kina akiwa Baghdad. Baadaye mwanahisabati wa Italia, Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, alizikuta Bugia, katika pwani ya Algeria ya leo, ambako baba yake alisimamia shughuli za wafanyabiashara wa kwao. Mwaka 1202 akazitungia kitabu.

Hazikupokewa kwa shangwe. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia katika vitabu vya hesabu. Katazo hilo halikufua dafu. Mwenye sufuri alizidisha namba kubwa kwa kalamu tu, wakati mwenye tarakimu za Kirumi alikuwa bado anasogeza kete kwenye ubao wa kuhesabia. Hata karatasi aliyoandikia ilikuwa ufundi uliotoka China, ukapitia Asia ya Kati na nchi za Waarabu kabla ya kufika Ulaya.

Katika safari yote hiyo hakuna aliyeomba ruhusa kwa mtu, na kila aliyepokea aligeuza kitu. Tarakimu zinazoandikwa Cairo hazifanani na za Paris, ilhali shina lao ni moja. Ndiyo maana siafikiani na wanaodai kwamba kupokea cha mgeni ni kujipoteza. Anayejipoteza ni yule anayepokea bila kuruhusiwa kugusa.

Bidhaa zilirahisishiwa njia na kontena. Mwaka 1956 meli ya Malcom McLean, mfanyabiashara wa usafirishaji wa Marekani, ilibeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, na gharama za kupakia na kupakua mizigo bandarini zikaanza kuporomoka.

Kwa upande wa mawazo, tukio ninaloliheshimu zaidi ni la Aprili 1993. Tim Berners-Lee alikuwa amebuni mtandao wa tovuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mwezi huo kituo kilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya wote, bila ada wala leseni. Sidhani kama tungekuwa na ulimwengu huu tulio nao iwapo wangeamua kuitoza.

Lakini juu ya msingi huo usio na mwenyewe zimejengwa kuta zenye wenyewe. Kampuni chache ndizo zinazoamua wimbo upi upendekezwe, video ipi ipande juu na lugha ipi isikike, na zinaamua kwa vigezo ambavyo hazivitoi hadharani kikamilifu. Mfanyabiashara wa Florence aliweza kulipima katazo la chama chake na kulipuuza. Msanii wa leo ambaye kazi yake imefichwa hajui hata kama imefichwa. Hilo ndilo linalonikera katika utandawazi wa sasa, kuliko hofu ya kawaida kwamba vijana wanaiga mambo ya nje.

Mwaka 2005 UNESCO ilipitisha mkataba wa kulinda uanuwai wa kazi za kitamaduni. Nchi 148 ziliunga mkono, Marekani na Israeli zikapinga. Mwaka 2017 ukaongezewa mwongozo kuhusu mazingira ya kidijitali. Mkataba huo unazifunga serikali zilizouridhia, wala haugusi kampuni moja kwa moja. Kwa hiyo ni juu ya serikali hizo kutunga sheria zinazolazimisha vigezo vya mapendekezo viwekwe wazi, na zifanye hivyo kwa pamoja, kwa sababu nchi moja ndogo ikisimama peke yake kampuni hizo haziitikii.