Je, Kiswahili Kinamharibia Mwanafunzi Insha ya Kiingereza?

Katika shule nyingi za sekondari Tanzania kuna kibao kinachowataka wanafunzi wazungumze Kiingereza tu, na kwa baadhi ya shule anayeteleza akasema Kiswahili huadhibiwa. Sababu inayotolewa ni kwamba watoto hawawezi kuandika Kiingereza kwa kuwa wanafikiri kwa Kiswahili. Wapinzani wanajibu kwamba mtoto aliyezuiwa kufikiri kwa lugha anayoimudu hatakuwa na cha kuandika kwa lugha yoyote.

Mvutano huu ni wa zamani. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, kisha Kiingereza kinashika kidato cha kwanza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, tume ya rais iliyochunguza elimu nchini, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakakuta kiko chini mno kuweza kubeba masomo, lakini wakashauri kibaki na kiimarishwe. Sitaingia katika suala la lugha ya kufundishia Fizikia au Jiografia. Ninalolipima ni dogo zaidi: mwanafunzi wa lugha mbili ana swali la insha ya Kiingereza na karatasi tupu. Kiswahili kimsaidie, au kikae nje?

Wanaotaka kikae nje wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Kuandika vizuri hakutokani na kujua maneno mojamoja, bali kujua yapi huandamana na yapi. Anayeunda sentensi kwa Kiswahili kisha akaigeuza neno kwa neno huacha alama ambazo kila msahihishaji anazijua. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo anaviacha, au anavitia popote. Nafsi ya tatu ya Kiswahili haitofautishi mwanamke na mwanamume, basi mama anaanza aya akiwa "she" na kuimaliza akiwa "he". Tunasema "baba aliniambia", mtenda ametajwa na kiambishi chake kipo palepale, ndiyo maana tunasoma "my father he told me". Makosa haya hayaishi kwa kuelezwa kanuni. Hupungua mwanafunzi akisoma Kiingereza kingi mpaka sentensi iliyopinda imkere mwenyewe.

Lakini hoja hiyo inadai vitabu, haidai marufuku. Wanafunzi wanaozungumza Kiingereza cha kubahatisha uwanjani wanabadilishana makosa yaleyale na kuyakomaza, na anayeogopa adhabu hujifunza kunyamaza. Sioni ni kwa njia gani ukimya huo unaweza kuzaa aya nzuri.

Upande wa pili unaegemea utafiti. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha mbili nchini Kanada, ameeleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba stadi za kusoma na kuandika zilizojengwa katika lugha moja zina msingi wa pamoja na zile za lugha nyingine. Kupanga hoja, kutenganisha sababu na mfano, kujua aya imekamilika lini: haya mtu hahitaji kuyaanza upya kila anapobadili lugha. Hapa shule zetu zinapoteza nafasi ya wazi kabisa. Mwalimu wa Kiswahili anafundisha utangulizi, kiini na hitimisho. Siku mbili baadaye wa Kiingereza anafundisha mambo hayohayo, darasa lilelile, kana kwamba ni mapya. Wawili hao wanakaa ofisi moja! Wangetunga swali moja, darasa likalijadili na kuliandika kwa Kiswahili, kisha likaliandika kwa Kiingereza, wangeona pia tatizo liko wapi: mawazo au lugha.

Hata hivyo stadi ambayo haikujengwa haina pa kuhamia. Mwanafunzi ambaye insha yake ya Kiswahili ni methali tatu na orodha ya faida ataandika orodha hiyohiyo kwa Kiingereza. Na siku hizi "andika kwanza kwa Kiswahili" imekuwa njia ya kuingiza maandishi kwenye programu ya kutafsiri na kunakili jibu. Aliyetumia Kiingereza hapo ni simu.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinazunguka ugonjwa wenyewe, ambao ni kukariri. Swali la fasihi linaloanza na "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma" lina majibu yaliyokwisha andaliwa, na mwanafunzi huyamwaga hata swali likiwa limegeuzwa. Darasa likijaa, mwalimu hana muda wa kusahihisha kila sentensi. Insha inarudi na alama juu, haiandikwi tena. Mwanafunzi hajawahi kuiona sentensi yake mbovu ikiwa kando ya iliyo bora.

Kuna zoezi la zamani linaloziba pengo hilo. Roger Ascham, aliyemfundisha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alipendekeza katika karne ya 16 mwanafunzi wa Kilatini atafsiri kifungu kwa Kiingereza, akiweke kando, kisha akirudishe kwenye Kilatini na kukilinganisha na cha mwandishi. Kwetu Kiswahili kinakuwa daraja. Chukua aya moja ya Kiingereza, ya gazeti au hata ya kitabu cha Biolojia. Itafsiri kwa Kiswahili safi, si cha kuokoteza. Baada ya siku chache, irudishe kwenye Kiingereza bila kutazama ya kwanza, kisha zilinganishe. Kila "the" iliyokosekana itaonekana bila kalamu nyekundu ya mwalimu, na kutafsiri kwa uangalifu kunalazimisha kuelewa.

Zoezi hili hunoa sentensi. Halimpi mtu hoja yake mwenyewe. Hoja inahitaji mjadala kabla ya kalamu, na kwa wanafunzi wengi wa vidato vya chini mjadala wenye kina utafanyika kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye darasa kubwa aanze na aya moja ubaoni, wanafunzi wawiliwawili, na tafsiri zikae kwenye madaftari hadi wiki inayofuata.