Mtoto mnene asiyetaka kukimbia: kipi kilitangulia?

Binti wa dada yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili hapa Dar es Salaam. Kila Ijumaa asubuhi huondoka na nguo za michezo ndani ya begi, na kila Ijumaa jioni nguo hizo zilikuwa zikirudi zimekunjwa vilevile, mstari wa pasi bado unaonekana. Dada aligundua siku alipotaka kuzifua. "Huu ni uvivu," akasema, "na uvivu wenyewe ndio unaomnenepesha." Mwalimu wa michezo tulipomwendea alisema hilohilo kwa maneno ya upole zaidi. Mtoto alinyamaza mpaka usiku, tulipobaki wawili tunachambua mchele.

"Mama mdogo, nikikimbia wavulana wananihesabia hatua. Moja, tetemeko. Mbili, tetemeko."

Alisema hivyo macho yakiwa kwenye ungo.

Kwa hiyo nyumba moja ina maelezo mawili. Mama anasema mtoto amenenepa kwa sababu hakimbii. Mtoto anasema hakimbii kwa sababu ni mnene. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa, nikisoma nilichoweza kukipata, na nimegundua kwamba wanasayansi nao wamegawanyika kwenye mstari uleule uliopita katikati ya jiko letu.

Upande wa dada una watu wengi, na ushahidi haukosi. Mwili huweka mafuta pale chakula kinapozidi matumizi, na misuli inayofanya kazi hula sehemu ya ziada hiyo. Huko Bristol, Uingereza, kuna utafiti unaowafuatilia watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipofika miaka 12, maelfu yao walifungwa kiunoni kifaa kidogo kinachorekodi kila mtikisiko wa mwili, na walipofika 14 wakapimwa mafuta kwa eksirei maalumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba kila robo saa ya ziada kwa siku ya kukimbia, kutembea haraka au kucheza kwa nguvu iliendana na mafuta pungufu kwa takriban asilimia 10 miaka miwili baadaye, na kwa wavulana upungufu huo ulizidi kidogo. Robo saa si kitu kikubwa. Ni mchezo mmoja wa rede kabla ya kengele.

Na hapa kwetu hiyo robo saa inapotea tukiiona. Watafiti waliopima vijana wa Nandi, Kenya, kwa vifaa vya namna hiyo waliwakuta wasichana wa kijijini wakipata zaidi ya saa moja kwa siku ya shughuli za nguvu, na wenzao wa mjini hawakufika dakika 40. Kijijini hakuna anayeita jambo hilo mazoezi. Ni njia ya shule, ni maji, ni kuni. Mtoto wetu anapandishwa basi la shule alfajiri, anashushwa getini jioni, kisha tuisheni. Kombolela tuliyocheza sisi mpaka tuitwe kuoga hajawahi kuicheza. Dada hakosei anaposema mtoto huyu hajongei.

Lakini sikiliza upande wa pili. Katika mji mwingine wa kusini-magharibi mwa Uingereza, Plymouth, watafiti waliwapima watoto 202 kila mwaka tangu walipokuwa na miaka 7 hadi 10, mafuta na mwendo kwa pamoja, ili waone kipi kinatangulia kingine. Waliokuwa na mafuta mengi zaidi wakiwa na miaka 7 walizidi kupunguza mwendo kadiri miaka ilivyosonga. Waliokuwa wakijongea zaidi wakiwa na miaka 7 hawakuonekana kupunguza mafuta kuliko wenzao. Mwaka 2012 timu hiyohiyo ilikusanya majaribio 30 ya kuwahimiza watoto wafanye mazoezi, ikakuta kwamba programu zote hizo, na gharama zake zote, ziliwaongezea watoto wastani wa dakika nne hivi kwa siku.

Kisha mwaka 2014 Bristol yenyewe ikaja na jambo jingine. Watafiti walitazama vinasaba. Mtoto huzaliwa na mwelekeo wake wa kunenepa, na mwelekeo huo hauwezi kuwa umeletwa na uvivu wa miaka kumi baadaye. Basi ikiwa waliorithi mwelekeo mkubwa zaidi ndio wanaojongea kidogo zaidi, unene ndio uliotangulia. Ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wa miaka 11. Watafiti hawakusema kwamba njia ya pili haipo. Walisema hii ipo.

Mimi naona njia zote mbili zipo, mtoto anazunguka ndani yake kama kwenye duara. Ila hatuzipi uzito sawa. Ile ya kwanza tunaihubiri kila siku kwa sababu inamtaka mtoto ajirekebishe. Ile ya pili tunaikwepa, maana inatutaka sisi wakubwa turekebishe uwanja, sare, ratiba na midomo ya watoto wetu wengine.

Tazama mchakamchaka kwa jicho la anayekimbia nyuma. Kukimbia kilomita moja humgharimu mtu takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 75 hulipa mara moja na nusu ya mwenye kilo 50, kwa uwanja uleule na jua lilelile. Yule tunayemwita mvivu huenda ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika mzunguko ule. Mapaja yanasuguana mpaka yanachubuka. Kifua kinauma kwa sababu hakuna aliyewahi kumnunulia sidiria ya kumshika vizuri. Jambo hili la kifua si dogo: Uingereza mwaka 2016, wasichana zaidi ya 2,000 wa shule wenye miaka 11 hadi 18 waliulizwa, na karibu nusu walisema matiti yao huathiri ushiriki wao katika michezo. Huko ni nchi yenye maduka ya vifaa vya michezo kila mji. Kwetu binti anakimbia na sketi, na chini yake kavaa kile alichorithi kwa dada yake.

Kuna kitu cha tatu ambacho pande zote mbili hukisahau kirahisi, nacho ni kubalehe kwenyewe. Msichana anapovunja ungo mwili wake huongeza mafuta nyongani, mapajani na kifuani kwa sababu homoni zimeagiza hivyo. Mvulana wa umri huo huongeza misuli. Anayebalehe mapema huonekana mnene katikati ya wenzake ambao bado wana miili ya kitoto, na ndiye huyohuyo anayeanza kujificha mapema. Ukimpima mara moja tu utaona mafuta mengi na mwendo mdogo, utasema kimoja kimeleta kingine, kumbe vyote vimeletwa na umri.

Marekani waliwafuatilia wasichana 2,379, weusi na weupe, tangu miaka 9 au 10 hadi 18 au 19. Walipofika miaka 16 au 17, asilimia 56 ya weusi na asilimia 31 ya weupe hawakuwa na zoezi lolote la kawaida wakati wa mapumziko. Kwa dunia nzima, takwimu za mwaka 2016 za Shirika la Afya Duniani zinasema wasichana 85 katika kila 100 wenye miaka 11 hadi 17, na wavulana 78, hawafikii ile saa moja kwa siku inayopendekezwa. Wasichana 85 katika 100 hawawezi wote kuwa wanene. Walio wembamba nao wameacha kucheza, ila wao hakuna anayewaita wavivu, kwa kuwa miili yao haiwasaliti.

Sasa nije kwenye chakula, maana dada alikuwa na mpango wa kumkimbiza mtoto kila jioni mpaka "zitoke". Soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na kitu, kalori zaidi ya 120. Mtoto wa kilo 50 atakimbia karibu kilomita mbili na nusu kuilipa hiyo chupa moja. Bado chipsi mayai. Na mwili wenyewe una njia zake za kubana matumizi. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti juu ya Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, wanaotafuta riziki kwa kutembea, kuchimba na kuwinda. Watu wazima walipimwa nguvu wanayotumia kwa siku, na ukizingatia ukubwa wa miili yao, ilikaribiana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Hao walikuwa watu wazima, si vijana wanaokua, kwa hiyo siichukui kama neno la mwisho. Lakini Wahadza si wanene, na kama wembamba wao hautokani na kuteketeza zaidi, basi tuitazame sahani yao.

Hapo ndipo upande wa mtoto nao unaweza kupotoka. Ukisema mazoezi hayapunguzi unene, kuna atakayejibu: basi asifanye. Hilo nalikataa kabisa. Ottawa, Kanada, vijana 304 wazito wenye miaka 14 hadi 18 walifanyishwa mazoezi kwa wiki 22, wengine ya baiskeli na kukimbia, wengine ya kunyanyua uzito, wengine yote mawili. Mafuta yao yalipungua, ingawa kidogo: asilimia ya mafuta mwilini ilishuka kwa pointi 1.1 kwa walioendesha baiskeli na kukimbia kwenye mashine, na 1.6 kwa walionyanyua uzito, dhidi ya 0.3 kwa wasiofanya. Ukitegemea mizani ya bafuni pekee ikuonyeshe mabadiliko ya kiasi hicho, utakata tamaa mwezi wa pili. Wakati huohuo misuli inajifunza kutumia sukari vizuri, na mifupa inajengwa katika miaka hii kwa kasi ambayo haitarudi tena.

Lakini katika namba hizo za Ottawa kilichonishika zaidi ni kuona wanyanyua uzito hawakuachwa nyuma na wakimbiaji. Mtoto mzito, anayechekwa akikimbia, mara nyingi ana nguvu kuliko wenzake, maana miguu na mgongo wake umebeba mzigo miaka yote. Kwenye kukimbia atakuwa wa mwisho daima. Kwenye kuvuta kamba kila upande utamtaka. Shule zetu nyingi zimegeuza neno michezo kuwa mbio, mpira wa miguu na netiboli, kisha tunashangaa kwa nini anayeshindwa hayo matatu anakaa kulinda mabegi.

Nilimwomba dada aache kumpandisha mtoto kwenye mizani kila Jumapili. Alikubali kwa shingo upande, akasema ataniuliza mimi akizidi kunenepa. Soda imeondoka nyumbani kwa watu wote, si kwa mtoto mmoja, na shemeji ndiye aliyelalamika zaidi. Kariakoo tulipata sidiria mbili za michezo na kaptura ndefu ya kubana ya kuvaa chini ya sketi. Mwalimu, ambaye kwa kweli ni mtu msikivu, alimpa nafasi ya kurusha tufe. Sasa anarusha kila Ijumaa, na anajua mita zake kwa kichwa.

Mchakamchaka bado ni lazima kwa wote. Bado anakimbia nyuma, na wale wavulana bado wanahesabu. Mwalimu anasema ni utani wa kitoto utaisha wenyewe. Dada yangu, yuleyule aliyeanza na neno uvivu, ameomba ruhusa kazini Jumatatu aende shuleni kulizungumza hilo la kuhesabu, na amenitaka twende wote.