Chogo Langu Niachieni

Mama Neema akipita kona ya sebule na ufagio, haongei na mimi, anaongea na ufagio. "Hili dude," anauambia, "lingekuwa mtumishi wa serikali lingeshastaafu, likalipwa mafao, likayamaliza, likarudi kijijini." Ufagio haujibu. Na mimi sijibu, maana sikuambiwa mimi.

Dude lenyewe ni kompyuta yangu. Pentium III, ramu (kumbukumbu ya muda) megabaiti 128, hadi diski ya kuhifadhia mafaili gigabaiti 20, ndani yake Windows 98, na monita ya chogo ambayo ukitaka kuihamisha sharti uite vijana wawili na uwaahidi soda. Niliinunua Kariakoo mwaka 2003, mtumba wa Ulaya, kwa hela ambayo wenzangu walikuwa wanamalizia nayo msingi wa nyumba. Wao leo wana nyumba. Mimi nina kompyuta, na kitambaa cha kufuma cha kuifunikia.

Msinicheke. Mimi nimezaliwa 1974, mwaka uleule serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Sisemi nililengwa mimi, lakini mtoto anazaliwa na siku hizohizo mlango unafungwa, si lazima ajiulize? Televisheni huku Bara imeanza 1994, nina miaka 20, ndevu zimeshaota. Wenzetu Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya sabini, wanatuangalia tu. Sasa mtu aliyekulia kwenye ukame wa namna hiyo, akishapata chogo lake, mnamwambia alitupe?

Kompyuta nilisomea mwaka 2001, kozi ya miezi mitatu, na cheti ninacho. Chumba cha mashine kilikuwa na zulia na kiyoyozi, vitu ambavyo hata ofisi ya mkuu wa chuo haikuwa navyo. Viatu tunavua mlangoni. Tulikuwa wanne kwa mashine moja, na ukiwa na soksi iliyotoboka siku hiyo hujifunzi kitu, unakunja vidole tu. Mwalimu alituambia vumbi likiingia kompyuta inapata virusi. Nikaamini hivyo miaka miwili. Nikawa nawaambia na wengine, kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Kwa kweli mwaka ule hakuna mtu mtaani ambaye sikumfundisha kompyuta, awe ameniomba au hajaniomba. Hilo la kufundisha watu hovyo mliweke akilini, nitalirudia.

Tatizo la mashine yangu ni moja tu, betri ya saa. Ile ya duara kama sarafu, CR2032. Imekufa, na kila nikiwasha inanitangazia kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980. Yaani kila nikibonyeza swichi nina miaka mitano. Nilimweleza Mama Neema, nikidhani atacheka. Akasema, "Basi sasa nimeelewa."

Betri yenyewe si ghali. Nilishainunua mara mbili. Ya kwanza mtoto akaiweka kwenye rimoti ya taa. Ya pili ipo mahali salama, pa salama mno, hata mimi sipajui.

Binti yangu Neema ana laptop mpya, nyembamba kama chapati ya mwisho wa mwezi. Haina tundu la sidii. Haina tundu la waya wa mtandao. Nikamwambia leta nikuongezee ramu, nikaifungua kwa bisibisi ya kuazima, nikakuta ramu imechomelewa humohumo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, huchomoi, huongezi. Ile ikizima, fundi anaishika, anaigeuza, anakurudishia na pole. Mashine yangu mimi unaifungua kwa kisu cha mezani. Ndani mna nafasi, unaweza kuhifadhi viatu. Na nyuma wametupakia rangi, zambarau kibodi, kijani mausi, hata aliyeishia la pili anachomeka. (Mausi, ndiyo. Najua kuna kipanya, lakini hapa Dar ukisema kipanya watu wanatafuta nauli ya daladala. Na siku nilipomwambia fundi wa Kariakoo kwamba tarakilishi yangu inasumbua, aliniuliza kama nimeshapima typhoid.)

Siko peke yangu. Pale kijiwe cha kahawa tupo watatu wenye ugonjwa huu, na kila mmoja ana dawa zake. Baba Zai anaamini katika friji. Hadi diski ikigoma, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, lala nayo friza usiku kucha. Alifanya hivyo kweli, akaiweka kati ya dagaa na barafu za kuuza. Diski haikuamka, ila mpaka leo kompyuta yake ikipata moto paka wa jirani wanakuja dirishani. Kijana wa steshenari dawa yake ni moja, piga formati, yaani futa vyote vilivyomo. Umeme mdogo? Piga formati. Printa imekwamisha karatasi? Piga formati. Mimi ni mtu wa raba. Raba ya kufutia penseli. Ramu ikisumbua unaichomoa, unasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba, unapuliza, unarudisha mpaka isikike "tak" pande zote mbili. Raba hiyo imeokoa mashine nyingi kuliko vyuo vyote vya mji huu.

Basi Jumamosi iliyopita, baada ya adhuhuri, hodi. Mzee wa nyumba ya kona. Shikamoo mzee, marahaba baba, hujambo, watoto, kazi, yote tukamaliza. Akatoa bahasha ya kaki, ndani ya bahasha gazeti, ndani ya gazeti flopi. Ile ngumu ya inchi tatu na nusu, yenye mlango wa bati, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: HARUSI 2001.

"Mjukuu anaolewa," akasema. "Kamati inaanza kesho. Nataka nijue harusi ya mama yake nani alichanga na nani aliahidi. Nimezunguka mtaa mzima, wameniambia tundu la kitu hiki analo Baba Neema peke yake."

Jamani! Niligeuka nikamtafuta Mama Neema kwa macho, nione kama amesikia. Alikuwa anachambua mchele, mikono ikasimama. Miaka yote ya kuitwa mtunza makumbusho ikalipwa kwa sentensi moja. Harusi ile naikumbuka vizuri, nilikuwa kijana wa miaka 27, nilikula pilau sahani mbili na ya tatu nikaondoka nayo kwenye mfuko. Nikamwambia mzee kaa, hii ni kazi ya dakika tano.

Nikavua kitambaa. Nikabonyeza. Chogo likabaki jeusi, na ndani ya sipiyu, lile boksi la mashine, mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya, kama lori linarudi nyuma.

Kabla sijavuta pumzi wataalamu walishafika. Sijui nani aliwaita. Baba Zai akasema hiyo ni pawa saplai. Kijana wa steshenari akasema tupige formati. Nikawaambia nyamazeni, kwa mashine kama hii mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni kadi ya picha, lakini mrefu unaojirudia-rudia ni ramu. Junior, lete raba. Junior akasema raba ni ya shule. Nikamwambia na baba yako ni wa shule. Akaileta analia.

Nilizisugua kadi zote mbili za ramu, moja kwa utulivu, ya pili kwa haraka kwa sababu Baba Zai alikuwa ananipumulia shingoni. Nikawasha. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, zikafika 65536 zikasimama. Nusu! Imeiona moja tu. Zima, chomoa, sugua tena, puliza, tak. Zikapanda mpaka 131072. Nawaambieni, mimi nimeshuhudia watoto wangu watatu wakizaliwa, lakini sikutulia hivyo.

Halafu ikaandika kwamba kibodi haionekani, bonyeza F1 kuendelea. Huyu mtu aliyeandika sentensi hii, wa Marekani au wa wapi sijui, ningependa siku moja tunywe naye kahawa nimuulize F1 ninaibonyezea wapi. Waya wa zambarau ulikuwa umechomoka tulipovuta sipiyu. Nikachomeka. Tarehe 1 Januari 1980. Shikamooni nyote, nina miaka mitano.

Nikaingiza flopi. Kra, kra, kraaa. Kimya. Ikasema diski hii haijaformatiwa, je, unataka kuiformati sasa? Kijana wa steshenari macho yakamwaka, mkono ukaenda kwenye mausi. Nilimpiga kofi la mkono ambalo mama yake angeweza kulilalamikia serikali za mtaa. Mzee akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu mzee, inapasha koo.

Hapo ilibidi nikumbuke elimu yangu. Flopi inachukua megabaiti 1.44 tu, haifikii hata picha moja ya simu ya siku hizi, lakini inasomwa kwa kichwa kinachogusa kabisa ule utando wa kahawia ndani, na kichwa kikiwa na vumbi la miaka kumi kinaona giza. Nikachukua pamba, spiriti ya kidonda cha Junior, na kijiti cha mshikaki. Nikapenyeza taratibu, nikafuta, pamba ikatoka nyeusi kama imefutia sufuria. Nikaizungusha flopi kwa kidole mara mbili tatu, nikarudisha. Kra, kra. Kimya. Kra. MICHANGO.XLS.

Watu walipiga makofi. Mama Neema akasema anachemsha chai, na hakuisema kwa ufagio.

"Miwani nimeiacha," mzee akasema. "Nisomee, mwanangu. Polepole, kwa sauti."

Nikasoma. Jina, ahadi, taslimu, baki. Marehemu fulani, elfu kumi, elfu kumi, baki sifuri, Mungu amlaze pema. Mjumbe fulani, elfu ishirini na mbuzi, mbuzi ameonekana. Mzee anatikisa kichwa, anakumbuka. Nikafika mstari wa 31, nikamkuta Baba Zai, enzi hizo hajawa baba wa mtu. Ahadi elfu ishirini, taslimu sifuri, baki elfu ishirini. Mwenzangu, nilisoma mstari ule kama mtangazaji wa mpira. Nikaurudia kwa faida ya waliokuwa jikoni. Baba Zai akaanza kueleza habari ya mshahara uliochelewa mwaka 2001, mzee akamwambia hapana haraka, endelea, Baba Neema.

Nikaendelea. 40, 41. Nikashusha kidogo kwa mausi. 45, 46.

Jamani, mstari wa 47 ni mimi. Jina langu lote, mpaka la babu. Ahadi elfu thelathini. Taslimu sifuri. Na katibu wao, mtu mbaya sana, kwenye safu ya mwisho aliandika: "Anasema wiki ijayo."

Nikakohoa. Nikasema mashine imepata moto, tuipumzishe. Kwa bahati Mama Neema akaingia na sinia ya chai na mihogo, wote wakageukia sinia. Nilipata kama sekunde nane. Nikabonyeza pale penye sifuri, nikaandika 30000, na kwenye safu ya mwisho nikaandika "amelipa, mtu mzuri". Nikapiga Control na S, kuhifadhi.

Sasa spika za kompyuta nilishaziunganisha kwenye sabufa ya sebuleni tangu mwaka juzi. TIIING! Nyumba nzima ikatikisika, vikombe vikalia. Na kwenye kioo, katikati, kijisanduku: faili hili ni la kusoma tu.

Nilijaribu tena. TIIING!

"Usihangaike, mwanangu," mzee akasema, anapuliza chai yake. "Kile kidude cha pembeni nilikisukuma juu, tundu likabaki wazi. Si wewe mwenyewe ulinifundisha, siku ileile ya harusi, pale kwenye pilau? Ulisema, mzee, ukikisukuma hiki hakuna mtu atakayekuchezea hesabu zako mpaka mwisho wa dunia."

Mama Neema akaweka sinia chini, akavuta stuli, akakaa mbele ya chogo kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Na Baba Zai, ambaye tangu mstari wa 31 alikuwa amejikunja pale kwenye kochi kama nguo ya kufuliwa, akafufuka. Akajipangusa makombo ya muhogo. Akasogeza kiti.

"Mbona umenyamaza, Baba Neema? Mstari wa 47. Soma. Halafu urudie, kuna watu jikoni."