Mwalimu apewe nauli, fulana tuziache

Kila mradi wa mazingira unaoingia shule za Dar es Salaam huja na fulana. Nyeupe, nembo za wafadhili mgongoni, kaulimbiu kifuani. Linafungwa turubai, anaalikwa mgeni rasmi, inapandwa miche, zinapigwa picha. Masika yanapoingia, Jangwani inafurika, mabasi ya mwendokasi yanakatisha safari Magomeni, na mtoto aliyevaa ile fulana hana habari kwamba sehemu ya maji yale imetiririka kutoka kwenye bati la nyumba yao Kinyerezi.

Ningepata nafasi kwenye vikao vinavyogawa fedha za miradi hiyo, ningeomba ruzuku ndogondogo zinazomfikia mwalimu mwenyewe, zidumu angalau miaka mitatu, na zilipie kile ambacho maandiko mengi ya miradi hukikwepa: kuwapeleka watoto mtoni, kuwarudisha salama, kisha kuwapeleka tena.

Mto wa kufundishia tunao. Msimbazi una urefu wa kilometa zipatazo 35. Unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unalikata jiji, unaingia baharini pale daraja la Salender. Chanzo mpaka mdomo, unaukagua kwa siku moja ukiwa na usafiri. Maji ya bomba tunayapata zaidi Ruvu, ni kweli, ila Ruvu inaanzia milima ya Uluguru, na kulipeleka darasa zima Uluguru ni bajeti nyingine kabisa. Msimbazi mtoto anauvuka akitumwa dukani.

Huko juu kuna misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, jirani na shule aliyofundisha Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 na kujitosa kwenye siasa. (Ukianzia safari hapo, historia na jiografia zinasomwa kwa nauli moja.) Ukishuka unakutana na wachimba mchanga wanaokula kingo mpaka msingi wa nyumba ya mtu unabaki unaning'inia. Vingunguti kuna machinjio na mabwawa ya majitaka. Kuna bustani za mchicha na matembele zinazomwagiliwa maji hayohayo, na mboga zake tunazila mjini kote, wanaojua na wasiojua. Vijito vya Ubungo na Sinza vinaongeza vyao. Jangwani bonde linatanuka, maji yanapata mahali pa kulala, na chini kabisa mikoko imejaa mifuko na chupa.

Halafu kuna jambo ambalo hulikuti kwenye kitabu cha kiada, lakini kila mtoto wa mabondeni analijua: kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikianza usiku, shimo linatobolewa na kila kilichomo kinaachiwa kiende na maji. Gari la kunyonya majitaka halipenyi kwenye vichochoro vile, na likipenya bei yake haishikiki. Mtoto ameyaona hayo nyumbani kwao. Mwimbishe wimbo wa kutunza vyanzo vya maji, ataimba vizuri tu, maana ameshajua kuwa ya shuleni ni ya shuleni na ya nyumbani ni ya nyumbani. Lakini mpe kazi ya kulinganisha maji ya kijito cha mtaani kwao kabla ya mvua na baada ya mvua, aandike namba kwenye daftari lake mwenyewe, uone maswali atakayorudi nayo kwa baba yake. Mwalimu hatakuwa na haja ya kuhubiri.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Kasi ya maji inapimwa kwa chungwa: unapima mita kumi za ukingo, unalitupa chungwa majini, unatazama saa ya simu. Chungwa ni zuri kwa sababu sehemu kubwa yake inazama, hivyo upepo haulisukumi ovyo. Kipimamvua kinatengenezwa kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa kuwa faneli. Uchafu wa tope unapimwa kwa mrija mrefu unaopitisha mwanga, wenye alama nyeusi na nyeupe chini yake. Unamimina maji kidogokidogo mpaka alama ipotee machoni, kisha unasoma kimo cha maji kwa sentimeta. Afrika Kusini wana njia iitwayo miniSASS ambayo watoto huitumia kuchota wadudu wa majini kwa wavu na kuwatambua kwa picha. Kila kundi lina alama yake. Minyoo, ambao wanaishi hata penye uchafu, wana alama 2. Kundi lisilovumilia uchafu kabisa lina 17. Wastani wa alama ndio afya ya mto. Njia hiyo imetengenezwa kwa mito ya kule, kwa hiyo wataalamu wetu wangeijaribu kwanza kwenye mito ya mchanga kama ya kwetu. Hiyo nayo ni kazi nzuri ya kumpa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Sasa, kipimo cha siku moja hakisemi kitu. Mto wa Septemba na mto wa Aprili ni vitu viwili tofauti. Inabidi darasa lirudi palepale kiangazi, lirudi wakati wa vuli, lirudi masika (kwa tahadhari, na siku nyingine lisirudi kabisa), na darasa la tano la mwakani liendeleze daftari la darasa la tano la mwaka huu. Ndiyo sababu nasema miaka mitatu. Mradi wa miezi sita unaisha kabla mto haujamaliza kusema. Jiji hili limeshaonja faida ya kazi ya namna hiyo: kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaro, njia na maeneo yanayofurika, na ramani zile zikatumika kupangia mambo ya mafuriko. Watoto wa shule hawashindwi na daftari la mvua.

Wamarekani wana utaratibu ambao nimekuwa nikiusoma kwa wivu kidogo. Shirika lao la masuala ya bahari na anga, NOAA, lilianza mwaka 2002 kutoa ruzuku kwa shule kupitia mpango uitwao B-WET. Ulianzia kwenye ghuba ya Chesapeake, inayopokea maji ya majimbo sita na ya mji mkuu wao, Washington. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2000, wakuu wa eneo hilo walikubaliana kwamba kila mwanafunzi apate somo la vitendo mtoni au ghubani kabla hajamaliza sekondari. Kilichonivutia zaidi ni masharti. Fedha haitolewi kwa ajili ya matembezi. Wanafunzi waanze na swali linalohusu mahali wanapoishi, watoke wakapime, warudi wachambue walichokipata, kisha wafanye jambo. Na mwalimu naye afundishwe namna ya kuliendesha somo hilo, maana yeye ndiye anayebaki fedha ikiisha.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalotushinda. Kwetu mradi huleta wataalamu wake, wanafundisha wao, wanaondoka na spika zao. Mwalimu wa klabu ya mazingira kazi yake ni kupanga mistari na kuhakikisha maji ya kunywa yapo kwa wageni.

Mtu atauliza kwa nini shule isitumie fedha yake. Tupige hesabu. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ikienda shuleni na 4,000 ikibaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 1,500, na Dar zipo nyingi za ukubwa huo, inapata milioni 9 kwa mwaka. Ni laki saba na nusu kwa mwezi. Hapo pana chaki, karatasi, mitihani, michezo, mlango uliong'oka na tundu la choo lililoziba. Mwalimu mkuu gani atachomoa humo hela ya Coaster?

Daladala, kwa mtu anayeijua Dar, si jibu. Konda akimwona mwanafunzi mmoja mwenye nauli yake ndogo anakunja uso. Akiona arobaini na tano kituoni wenye ndoo na wavu, gari halisimami. Kwa hiyo nauli ninayoisema ni gari la kukodi, na pamoja nalo gambuti, glavu, sabuni, maji safi ya kunawa, sanduku la huduma ya kwanza, na mtu mzima wa ziada. Kipindupindu na homa ya matumbo havina mzaha kwenye mto ule. Mtoto asiingie majini. Mkubwa achote kwa ndoo, mtoto apime akiwa ukingoni. Anayeandika bajeti ya somo hili bila sabuni hajawahi kufika Kigogo, huko bondeni.

Kuna hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira ambao leo upo nchi nyingi duniani, ulizaliwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall akiwa na wanafunzi 12 tu. Hakukuwa na turubai. Wapo wanaosema basi moyo unatosha, fedha itakuja kuharibu. Moyo ulitosha kwa kuanza, na kwa watoto waliojitokeza wenyewe. Hapa nazungumzia watoto wote wa darasa, pamoja na yule asiyejitokeza. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Jiografia na Mazingira kuanzia darasa la tatu, kwa hiyo kazi ya mtoni inaweza kuwa kipindi kama kipindi kingine, isisubiri klabu ya Ijumaa saa tisa ambayo nusu ya watoto wameshaondoka. Na kwenye kipindi, moyo wa mwalimu mwenye wanafunzi tisini darasani una mwisho.

Fedha itoke wapi? Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2022 mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde la Msimbazi: daraja la Jangwani, kupanua mto, kuwahamisha watu, bustani ya jiji. Mkopo huo tutaulipa sisi, na hasa wanaosoma darasa la tano sasa hivi. Shule 100 za bonde hili zikipewa milioni 2 kila moja kwa mwaka, kwa miaka mitano ni bilioni 1. Dola milioni 200 zinazidi shilingi bilioni 450. Ninachokiomba hakifiki robo ya asilimia moja. Mto ukipanuliwa kwa mabilioni na taka na mchanga vikaendelea kushuka kutoka Gongo la Mboto na Kinyerezi, tutakuwa tunauchimba kila mwaka.

Lakini mkopo una tarehe ya mwisho, na misaada ni hivyohivyo. Hata huko Marekani, mwaka 2017 serikali ya Trump ilipendekeza B-WET ifutwe, Bunge ndilo likaiokoa. Na mwanzoni mwa 2025, misaada yao ya nje iliposimamishwa, wengi tuliona watu wakifunga ofisi katikati ya wiki. Baada ya mkopo, fungu hili likae kwetu. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inakusanya ada kwa wenye vibali vya kutumia maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliweka Mfuko wa Taifa wa Dhamana ya Mazingira. Dirisha dogo la shule lifunguliwe kwenye mojawapo.

Ningependelea Bodi kuliko halmashauri, na sababu ni mto wenyewe. Msimbazi unaanzia Kisarawe, mkoa wa Pwani, unashuka kwenye Jiji la Dar es Salaam na kugusana na Ubungo na Kinondoni. Kila halmashauri ikiwa na mradi wake, watoto wa Jangwani watapima tope bila kumjua aliyelituma. Bodi inaweza kuunganisha shule ya Pugu na shule ya Kigogo, watumiane vipimo vya siku ileile kwa simu ya mwalimu. Siku mvua kubwa ikinyesha Pugu mchana, wa Kigogo wajue kabla ya jioni.

Kuhusu wizi, maana najua swali linakuja: fungu la milioni mbili linaloingia akaunti ya shule, likabandikwa ubaoni na kusomwa mbele ya kamati ya shule yenye wazazi, ni gumu kuliibia kuliko bilioni moja inayopita kwa mshauri mwelekezi. Andiko la kuliomba liwe kurasa mbili, kwa Kiswahili. Ripoti iwe daftari la vipimo na risiti za gari.

Limebaki la posho, ambalo watu hulikwepa. Mwalimu anayetoka na watoto Jumamosi alipwe. Si nyingi, ila iandikwe wazi kwenye bajeti, jina na kiasi, kama inavyoandikwa ya dereva.