Saratani adimu si chache

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alianza kulalamikia goti akiwa na miaka 17. Alikuwa anacheza winga timu ya mtaani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Akakandwa maji ya moto, akafungwa bendeji, akanunuliwa vidonge vya maumivu. Zahanati wakasema ameteguka. Ilipita miezi minne, goti limevimba mpaka ngozi inang'aa, ndipo daktari mmoja wa wilayani alipoitazama picha ya eksirei, akanyamaza, akaandika rufaa. Kikakatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa kupimwa. Majibu yakarudi: osteosakoma, saratani ya mfupa.

Daktari wa hospitali ya rufaa alikuwa muungwana. Alimwambia mama mdogo, "Mama, ugonjwa huu ni adimu. Tangu nianze kazi nimeuona mara mbili, tatu." Mama mdogo akasikia kwamba mwanawe ameteuliwa peke yake kati ya watoto wote wa nchi hii. Mimi nikasikia kwamba hakuna anayejiandaa kwa jambo la mara mbili, tatu.

Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipozifikia kazi za Gemma Gatta, mtaalamu wa epidemiolojia, elimu ya kufuatilia magonjwa katika jamii, aliyefanya kazi Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Milano, Italia. Ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahesabu watu kama mdogo wangu. Yeye na wenzake wa RARECARE, mradi wa Ulaya wa kuchunguza saratani adimu, walianza na swali linaloonekana jepesi: saratani adimu ni ipi hasa? Ulaya walikuwa tayari na kanuni ya magonjwa adimu, nayo huhesabu walio hai na ugonjwa leo: wasizidi 5 katika kila watu 10,000. Kwenye saratani kanuni hiyo inapotosha. Saratani ya tumbo huwapata wengi lakini huua upesi, na ukihesabu walio hai utawakuta wachache. Ungeuita ugonjwa adimu kwa sababu tu umewamaliza wagonjwa wake. Saratani ya korodani ni kinyume: wagonjwa wapya ni wachache, lakini wengi wao hupona na kuishi miaka mingi, basi ingeonekana ya kawaida. Kwa hiyo wakaamua kuhesabu wanaougua upya. Saratani ni adimu ikiwa kwa mwaka inawapata watu wasiofika 6 katika kila 100,000.

Kwa kipimo hicho wakapata aina 198. Moja moja hazionekani. Ukizijumlisha, kama walivyofanya katika ripoti yao ya mwaka 2017 kwa kutumia rejista 94 za saratani, yaani orodha rasmi za waliogundulika, na wagonjwa zaidi ya milioni 2, zinakuwa asilimia 24 ya saratani zote zilizogunduliwa katika Umoja wa Ulaya kati ya 2000 na 2007. Karibu mgonjwa mmoja katika kila wanne! Niliposoma namba hiyo niliweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Namba iliyofuata ndiyo nzito zaidi. Kwa saratani za kawaida, waliokuwa hai miaka 5 baada ya kugundulika walikuwa asilimia 63.4. Kwa zile adimu, asilimia 48.5. Naomba msomaji aelewe namba hizi zinavyopatikana, maana uzito wake uko hapo. Hospitali ikikuambia wagonjwa wake wanaishi vizuri, inakuhesabia waliofika mlangoni: wenye nauli, wenye bima, wenye nguvu za kusafiri. Rejista ya jamii inamhesabu kila mkazi wa eneo lake aliyegundulika, hata aliyefariki kabla ya dozi ya kwanza. Halafu uhai wa wagonjwa unalinganishwa na wa watu wengine wa nchi ileile, umri uleule, jinsia ileile. Mzee wa miaka 80 mwenye saratani anaweza kufa kwa moyo au ajali. Mlinganisho huo unauondolea ugonjwa lawama isiyo yake, bila kutegemea kilichoandikwa kwenye cheti cha kifo.

Baadhi ya saratani adimu ni kali kwa asili yake, na hilo hakuna mpangilio wa hospitali utakaolifuta. Lakini sehemu ya pengo ni kuchelewa kugundua, majibu ya maabara yanayokosewa, na kutibiwa na mtu ambaye hajawahi kumtibu mwingine. Kundi la Gatta lilichunguza nchi saba kuona wagonjwa hao wanatibiwa wapi, na pendekezo lake ni kuwaelekeza kwenye vituo vichache vyenye uzoefu. Mwaka huohuo wa 2017 Ulaya ilianzisha mitandao ya hospitali za rejea, ukiwemo EURACAN, mtandao wa saratani adimu unaoratibiwa kutoka Lyon, Ufaransa, ili daktari wa mji mdogo amuulize aliyewahi kuona.

Nimewasikia watu ninaowaheshimu wakisema kwetu hili ni jambo la baadaye: tumalize kwanza mlango wa kizazi na matiti. Nawaelewa, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi inaua mama zetu kila siku na chanjo yake ipo. Lakini sikubaliani nao. Uadimu unategemea umesimama wapi. Daktari Moritz Kaposi alipoieleza saratani yenye jina lake, sakoma ya Kaposi, Vienna mwaka 1872, ilikuwa ajabu ya wazee wachache. Afrika Mashariki, hasa baada ya UKIMWI kuingia, imejaza wodi. Na uvimbe wa taya wa watoto alioueleza daktari Denis Burkitt akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, huko Ulaya karibu haukujulikana. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri kama kilomita 16,000 kuelekea kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: watoto wa namna hii mnawaona? Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, yaani nchi za malaria. Ikawa limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, inayotibika kwa dawa. Kuhesabu ndiko kulikoanza.

Kampala wana rejista ya saratani tangu miaka ya 1950. Hatukosi watu wanaojua kazi hii. Kinachokatika ni ufuatiliaji. Nchi za Nordiki, kama Sweden na Norway, namba ya kitambulisho inaunganisha rejista ya saratani na ya vifo, na mtu akifariki leo, hesabu itamjua. Kwetu mgonjwa anarudi kijijini, laini ya simu inabadilishwa, anazikwa bila cheti. Kwenye hesabu anabaki katikati, si hai wala maiti, na ukiwa na wengi wa namna hiyo huwezi kupata asilimia yoyote ya kuaminika. Ningekuwa na sauti wizarani, ningeanza na vocha za simu kwa makarani wa rejista na nauli ya pikipiki ya kuwafuata wasiopokea.

Mdogo wangu alikatwa mguu, akaanza kemo, akaishiwa nguvu baada ya mzunguko wa tatu akaomba kurudi nyumbani. Alifariki mwezi wa sita, kwa bibi, mchana, watu wakiwa shambani. Namba ya mama mdogo ilikuwa imeandikwa juu ya jalada la faili lake, na bado anatumia laini ileile. Hakuna aliyepiga. Ukurasa wa mwisho wa kadi yake, ambayo mama mdogo ameihifadhi kwenye sanduku la kanga, una tarehe ya kurudi kliniki.