Wafunga flai wapewe karai la maji

Nimefunga flai hapa Nairobi miaka sita na sijawahi kumwona samoni akiwa hai. Wengi wetu tuko hivyo. Ukimwambia jirani kazi yako ni flai anadhani unazungumzia wadudu wa chooni, mpaka umwonyeshe: unyoya na uzi juu ya ndoano, chambo cha kuigiza ambacho mvuvi wa Norwe atakirusha mtoni akiomba samaki adanganyike. Mambo haya tuliletewa na walowezi. Mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza samaki aina ya trauti kutoka Uskoti katika Mto Gura, kule Aberdare. Ndiyo, Grogan yuleyule tunayemtaja tukienda kutafuta spea za gari, ingawa barabara iliyoitwa kwa jina lake siku hizi ni Kirinyaga.

Lakini leo nataka kusema juu ya flai za mrija, kwa sababu ndizo zilizonifungua macho.

Flai ya kawaida hufungwa juu ya ndoano yenyewe. Hii hufungwa juu ya kimrija cha plastiki, alumini au shaba, kadiri mteja anavyotaka izame. Unabana sindano kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, unavika mrija juu yake, unafunga manyoya kuuzunguka, unamaliza kwa fundo na vanishi. Ndoano haipo kabisa. Mvuvi ndiye atakayepitisha mshipi ndani ya mrija na kufunga ndoano yake ndogo mwishoni. Samaki akinasa, mrija huteleza juu ya mshipi ukamwacha na ndoano tu mdomoni, kwa hiyo hana kitu kirefu cha kuegemea akijipindua ili achomoke, wala meno yake hayaifikii flai kwa urahisi. Ndoano ikivunjika unabadilisha ndoano. Mimi kitu kilichofikiriwa hivyo hunifurahisha hata kabla sijalipwa.

Mzigo wangu wa kwanza wa mirija ulirudishwa karibu wote. Nilikuwa nimeweka manyoya mengi. Nimekulia nyumba ambayo chai ya mgeni hujazwa hadi imwagikie kisahani, sasa nimbanie manyoya mteja wa ng'ambo? Nikamuuliza msimamizi kwa nini sampuli ina singa chache namna ile, kama ndevu za kijana wa kidato cha pili. Akanijibu, "Dada, wewe funga kama sampuli." Nikafunga kama sampuli. Dazeni zikapita. Bado sikuelewa kitu.

Jibu nililipata nyumbani, kwenye karai la kufulia. Nilifunga moja nene na moja nyembamba kwa singa za mkia wa mbuzi kutoka soko la nyama la Burma, juu ya vipande vya mrija wa wino wa biro, nikazitia kamba na kuziburuta majini. Ile nene ilikwenda kama brashi ya kusugulia sakafu. Ile nyembamba, jamani, ilikuwa hai! Singa zilijilaza, nikilegeza kamba zikafunguka, nikivuta zikajibana tena. Baadaye nikajua kwamba samoni akipanda mto kwenda kuzaa huwa ameacha kula. Huyo huwezi kumshawishi kwa shibe. Anakerwa na kitu kinachocheza mbele ya macho yake mpaka akakikamata, na manyoya yakijaa mno hayachezi.

Dakika kumi za karai zilinifundisha kuliko miezi ya "kama sampuli". Ndiyo maana nasema kila karakana ya flai jijini iweke chombo cha maji karibu na meza, na sampuli mpya ikija, ipitishwe majini mbele ya wafungaji kabla uzi haujakatwa. Najua pingamizi litatoka wapi, na halitatoka kwa wenye karakana peke yao. Tunalipwa kwa dazeni. Mama mwenye watoto wa shule hataacha jiliwa lake akatazame manyoya yakiogelea bure, na mimi simlaumu hata kidogo. Basi hiyo nusu saa ya kutazama ilipwe. Mzigo ukirudishwa, hasara yake ni kubwa kuliko nusu saa, na tunaijua vizuri sisi tunaokaa usiku kuufungua uzi kwa wembe.

Kuna anayesema mfungaji hahitaji kujua, kazi yake ni mikono. Huyo hajui mrija ulitoka wapi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1945, mjini Aberdeen, Winnie Morawski, mfungaji wa kampuni ya Playfair, alichukua bua la unyoya, lile lenye uwazi ndani, akafunga flai juu yake. Mwanamke wa mezani, kama sisi. Mirija yote ninayofunga leo ni wajukuu wa bua lile. Kama naye angeambiwa funga kama sampuli na kunyamaza, sijui sasa hivi ningekuwa nafunga nini.

Nasi tuna samaki wetu wa kufikiria. Sulisuli wa Watamu na Malindi huvuliwa kwa flai. Wanamvuta nyuma ya mashua kwa chambo kisicho na ndoano mpaka apandwe na hasira, halafu wanamrushia flai kubwa, na mrija unafaa sana kwa kazi hiyo. Nimeanza kumfungia wake, nyeupe kwa waridi, kichwa kimekatwa kutoka ndala iliyokwisha. Mara tatu nimebadilisha kichwa kwa sababu kilikuwa kinapinduka majini. Maji yenyewe ni ya mtungi, siku za mgao huwa siyamwagi mpaka yameoshea vyombo. Binamu yangu anashuka Pwani mwezi ujao, na amekubali kuibeba kwa sharti moja: asiulizwe ndani ya basi ni kitu gani.